Ghala la kiwanda katika Factorio: mwongozo kamili, kutoka sanduku la kwanza hadi roboti

Kiwanda changu cha pili katika Factorio, mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, kilikauka chuma. Chupa nyekundu za sayansi, zinazotumika kwa utafiti, zilisimama, za kijani zikafuata, na mkanda wa mabamba uliokuwa umesheheni ukabaki na bamba moja moja lililopita kwa mbali. Nilikwenda mgodini, mawe yalikuwepo. Nilikwenda kwenye tanuri, moto ulikuwa unawaka. Nikaufuata mkanda kigae kwa kigae (kigae ni mraba mmoja wa ramani) mpaka nikafika pembeni kabisa, kwenye mashine moja niliyoiweka iniundie mashine nyingine na kumimina kazi yake ndani ya sanduku la chuma. Nililifungua nikakuta mashine zaidi ya elfu moja, na kifaa cha kulijaza bado kinaongeza.

Tupige hesabu, kwa sababu ndiyo inayobeba mwongozo huu wote. Sanduku la chuma lina nafasi 32. Mashine za kuunda hukaa 50 katika kila nafasi, kwa hiyo sanduku hilo likijaa limemeza mashine 1,600. Mashine moja ya daraja la kwanza inakula mabamba 9 ya chuma, gia 5 ambazo kila moja ni mabamba mawili, na saketi 3 za kijani ambazo kila moja ina bamba moja la chuma. Jumla ni mabamba 22. Zidisha kwa 1,600 unapata mabamba 35,200. Mkanda wa njano uliojaa pande zote mbili hupitisha vitu 15 kwa sekunde, kwa hiyo hilo sanduku moja ni sawa na kuuchukua mkanda mzima kwa dakika 39 bila kumwachia mwingine hata bamba. Mimi nilikuwa nahitaji mashine arobaini.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya ghala katika mchezo huu ni kujua mahali pa kukoma. Watu wengi huanza kwa kuuliza masanduku yapangwe vipi, yawe mangapi, yakae wapi. Hayo ni muhimu na tutayafikia. Lakini ghala lililopangwa vizuri bila kikomo ni mwizi aliyevaa suti.

Nazungumzia toleo la 2.0, ambalo Wube Software ya Prague ililitoa Oktoba 2024 pamoja na nyongeza ya Space Age. Ukiwa na toleo la awali, 1.1, karibu kila kitu hapa kinafanya kazi vilevile. Machache yanayotofautiana nitayataja.

Kuhusu maneno: kile kifaa kinachochota kitu huku na kukiweka kule nitakiita mkono. Idadi ya vitu vinavyokaa pamoja katika nafasi moja nitaiita fungu, kama fungu la nyanya sokoni, kwa sababu kila bidhaa ina fungu lake na huwezi kulizidisha.

Hatua ya 1: Amua kisichohitaji ghala

Kabla ya kuweka sanduku, gawa vitu vyako katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni malighafi: mawe ya chuma, shaba, makaa. Hivi tayari vina ghala, nalo ni ardhi. Jiwe lililoko mgodini haliozi wala haliibiwi. Ukilichimba na kulifungia sandukuni umetumia umeme na nafasi kwa jambo ambalo ardhi ilikuwa inakufanyia bure.

Kundi la pili ni vitu vya kati: mabamba, gia, waya wa shaba, saketi, plastiki. Ghala lao ni mkanda wenyewe. Mkanda ukijaa, mashine iliyo nyuma yake inasimama, na ile iliyo nyuma ya hiyo nayo inasimama, mpaka mgodini. Hapo hakuna kilichoharibika, kiwanda kinapumua tu. Mgeni akiona mkanda umesimama hushtuka na kuweka sanduku katikati ya njia "ili kisipotee". Matokeo yake ni kwamba saketi zinajaza sanduku kwanza ndipo ziende mbele, na tatizo la upungufu linafichwa kwa saa mbili kisha linakuja lote kwa mpigo. Usiweke sanduku katikati ya njia. Isipokuwa stesheni za treni, ambazo nitaziongelea mbele.

Kundi la tatu ni vitu unavyojengea kwa mkono wako: mikanda, mikono, mashine, mabomba, nguzo za umeme, reli, vituo vya roboti, kuta, risasi. Haya ndiyo ghala lako halisi. Andika orodha yake kwenye karatasi. Katika viwanda vyangu huwa kati ya thelathini na hamsini, na nusu yake haitakiwi mpaka uwe umefika mbali.

Hatua ya 2: Jifunze kuweka kikomo

Masanduku ya kawaida ni matatu. La mbao lina nafasi 16, la chuma 32, la stili 48. Yote yanakaa kigae kimoja tu, kwa hiyo tofauti ni ujazo na gharama: la mbao ni mbao 2, la chuma ni mabamba 8 ya chuma, la stili ni mabamba 8 ya stili. Kwa vitu vya ujenzi sanduku la mbao linatosha kabisa, na naona ni upotevu kutumia la stili mahali ambapo utafungua nafasi mbili tu kati ya 48.

Kikomo kinawekwa hivi. Fungua sanduku. Utaona alama nyekundu ya X. Ibofye, kisha bofya nafasi ya kwanza unayotaka ifungwe. Nafasi zote kuanzia hapo hadi mwisho zinakuwa nyekundu, na mikono haitaweka kitu humo tena. Wewe mwenyewe bado unaweza kuweka kitu kwa mkono kwenye nafasi nyekundu. Kikomo kinazuia mashine, hakimzuii mwenye mali.

Mahali pa kuanzia, kwa mchezo wa kawaida: mikanda ya njano nafasi nne, maana fungu lake ni 100 na utaitumia kama maji. Mikono ya kawaida nafasi mbili, fungu ni 50. Mashine za kuunda nafasi moja. Mabomba nafasi moja au mbili. Nguzo za kati nafasi mbili. Reli ipe nafasi nyingi, tano au zaidi, kwa sababu siku utakayojenga njia ya treni utazimaliza zote kwa mkupuo. Vingine vyote anza na nafasi moja. Ukikuta sanduku tupu mara tatu mfululizo, ongeza nafasi moja.

Lakini nafasi moja yaweza kuwa nyingi mno. Chukua tanuri la nyuklia. Moja linataka stili 500, zege 500, saketi nyekundu 500 na mabamba ya shaba 500. Fungu lake ni 10. Ukifungua nafasi moja tu, mashine itajitahidi kuunda kumi, yaani stili 5,000, ambazo ni mabamba 25,000 ya chuma. Hapa kikomo cha nafasi hakikusaidii, unahitaji waya.

Ukishatafiti mtandao wa saketi, chukua waya mwekundu au wa kijani (katika 2.0 hauundwi tena, unaupata kwa Alt+R au Alt+G), bofya sanduku, kisha bofya mkono unaolijaza. Fungua mkono, chagua uwashwe au uzimwe kwa sharti, na uandike sharti: tanuri la nyuklia chini ya 2. Sanduku likiwa na mawili, mkono unalala. Fahamu kwamba mashine yenyewe itakuwa imeshika moja au mawili tumboni mwake, kwa hiyo idadi halisi itazidi kidogo. Kwa vitu vya bei kubwa kama hivi weka sharti dogo kuliko unavyotaka.

Jambo moja linalookoa muda: ukihifadhi sehemu kama ramani ya ujenzi, kikomo cha sanduku kinahifadhiwa pamoja nayo. Kiwanda kijacho utakibandika na vikomo vyake vyote.

Hatua ya 3: Jenga duka la vifaa

Mtaani kwako kuna duka la vifaa vya ujenzi: unaingia, kila kitu kina pahali pake, unachukua misumari, bomba na kofuli, unatoka. Ndicho unachokijenga hapa, tofauti ikiwa kwamba kila rafu ina fundi wake nyuma.

Tafuta eneo karibu na mwanzo wa barabara yako kuu ya mikanda, mahali unapopita mara kwa mara, na uache nafasi ndefu. Kosa la kawaida ni kulijenga duka mahali palipobanwa kati ya tanuri na ziwa. Baada ya saa kumi utataka kuongeza rafu na hutakuwa na pa kuongeza.

Tandaza mikanda miwili sambamba, imegusana. Mkanda una pande mbili, na kila upande unaweza kubeba bidhaa yake. Mkanda wa juu uwe na mabamba ya chuma upande mmoja na gia upande wa pili. Mkanda wa chini uwe na saketi za kijani upande mmoja, na upande wa pili stili. Kupata bidhaa mbili kwenye mkanda mmoja ni rahisi: leta mkanda wa bidhaa ya kwanza uugonge ubavuni kutoka kushoto, na wa bidhaa ya pili kutoka kulia. Kila mmoja utajaza upande ulioko kwake.

Sasa panga mashine safu mbili, moja juu ya mikanda na nyingine chini, ukiacha mstari wa kigae kimoja kati ya mashine na mkanda kwa ajili ya mikono. Mashine ina upana wa vigae vitatu, kwa hiyo upande wa mkanda unakupa nafasi tatu za mikono. Mkono wa kawaida unachota kwenye mkanda ulio karibu. Mkono mrefu unaruka mkanda wa kwanza na kuchota kwenye wa pili. Kwa mikono hiyo miwili tu, kila mashine inafikia bidhaa zote nne. Hutakiwi kuuambia mkono uchukue nini. Unachukua kile tu ambacho mashine yake inahitaji, na ukishaipa akiba kidogo unaacha. Nyuma ya mashine, upande usio na mkanda, weka mkono mmoja wa kutoa na sanduku lenye kikomo.

Hesabu ngapi zinapatikana hapo: mkanda wa njano ni gia moja na bamba moja, unapata mikanda miwili. Mkono wa kawaida ni saketi moja, gia moja, bamba moja. Mashine ya kuunda umeshaiona. Bomba ni bamba moja. Sehemu kubwa ya orodha yako imeshamalizika kwa mikanda miwili.

Zinazobaki ni zile zinazokula bidhaa nyingine ya dukani. Mkanda wa kupita chini ya ardhi unataka mikanda 5 na mabamba 10, unatoa viwili. Kigawanyio kinataka mikanda 4, saketi 5 na mabamba 5. Mkono mrefu unataka mkono wa kawaida, gia na bamba. Hapa usitoe mikanda kwenye sanduku na kuirudisha kwenye njia ya mabamba. Utachafua njia yote. Badala yake acha vigae vitatu kati ya mashine mbili jirani na uvijaze hivi: mkono, sanduku, mkono. Mkono wa kwanza unatoa mikanda kutoka mashine ya kushoto na kuiweka sandukuni. Wa pili unaichukua sandukuni na kuipa mashine ya kulia. Sanduku hilohilo ndilo rafu yako ya mikanda. Mashine ya kulia ikishajaza sanduku lake lenye kikomo inaacha kuomba, na mikanda inabaki yako.

Mnyororo huo unaenda mbali: mkanda wa njano, kisha wa kupita chini, kisha mkanda mwekundu unaozaliwa kwa mkanda wa njano na gia 5, na kadhalika. Jihadhari na jambo moja. Siku sanduku la mikanda ya njano likiwa tupu kwa sababu umezichukua zote, mnyororo mzima unakaa njaa, na utadhani rafu ya mikanda myekundu imeharibika. Huwa naacha angalau fungu moja sandukuni ninapochukua.

Bonyeza Alt mara moja na uiache hivyo siku zote. Picha ya kila bidhaa itaonekana juu ya mashine inayoiunda, na duka lako litakuwa na mabango.

Hatua ya 4: Tafutia mabaki nyumba yake

Kila ukibomoa sehemu ya zamani, mfukoni unabaki na matanuri ya mawe, mikono ya makaa, mbao za miti uliyokata, mawe. Mfuko wako una nafasi 80 na huu uchafu unazila taratibu.

Kabla ya roboti, suluhisho ni mkanda mmoja mrefu wenye sanduku la kupokelea mwanzoni. Unamimina kila kitu humo, mkono unatoa kimoja kimoja kwenye mkanda, na pembeni mwa mkanda kuna mikono yenye kichujio, kila mmoja umeagizwa bidhaa moja na una sanduku lake. Katika 2.0 mikono ya umeme yote ina kichujio, katika 1.1 lazima utumie ule maalumu wa kuchuja. Mwisho wa mkanda, na hapa ndipo wengi hukosea, weka sanduku kubwa lisilochagua. Bila hilo, siku utakayomimina kitu kisicho na sanduku lake, kitafika mwisho, kitakaa, na mkanda wote utaziba nyuma yake.

Usihangaike kuupendezesha. Ni wa muda, roboti watakapofika utaung'oa.

Hatua ya 5: Rangi tano za masanduku ya roboti

Hapa ghala linabadilika kuwa kitu kingine, na hapa ndipo napenda kukaa. Ukiwa na vituo vya roboti (kila kimoja kinahudumia mraba wa vigae 50 kwa 50 kwa usafirishaji, na 110 kwa 110 kwa ujenzi), roboti wanaruka wakibeba vitu, na masanduku maalumu ya roboti, ya rangi tano, yaliyomo ndani ya eneo yanakuwa ghala moja, hata yakiwa yametawanyika. Yote matano yana nafasi 48. Tofauti ni tabia.

Jekundu linakaa kimya likisubiri kuombwa. Hili ndilo la dukani. Pita kwenye duka lako na ubandike masanduku mekundu juu ya yale ya zamani, vilivyomo vinabaki. Kisha fungua kila moja uhakikishe kikomo bado kipo.

La njano ni la kupokea mabaki. Roboti akiwa na kitu kisicho na mwenyewe anakipeleka kwenye la njano. Lina nafasi ya kichujio, na roboti wanaiheshimu: kwanza wanatafuta la njano lililoagizwa bidhaa hiyo, wasipolipata wanatafuta lenye bidhaa hiyo tayari, ndipo waende kwenye lolote lenye nafasi. Kwa hiyo weka kichujio cha mbao kwenye moja, cha mawe kwenye jingine, na uache mengine manne au sita bila kichujio. Yakijaa yote, roboti wataelea hewani na mizigo wasijue pa kuiweka, na ujenzi utazorota.

La buluu ni la kuomba. Unaliandikia bidhaa na idadi, roboti wanaleta. Kumbuka kwamba kila oda ni ghala dogo. Ukiandika saketi 2,000 kwenye masanduku kumi ya buluu, umefungia saketi 20,000 kwa mlango wa nyuma. Ukinakili mashine na kubandika mipangilio yake juu ya sanduku la buluu (Shift na kitufe cha kulia, kisha Shift na cha kushoto), oda inajiandika yenyewe kwa kiasi kinachofaa. Nitakiamini kiasi hicho kabla ya kuamini hamu yangu.

La kijani linaomba na pia linatoa. Liweke mbali, mahali unapohitaji vitu vikusubiri: karibu na ukuta wa ulinzi, likiwa na kuta, vifaa vya ukarabati na mizinga, ili wadudu wakivunja kitu roboti wasisafiri nusu ya ramani kukifuata. Masanduku ya buluu hayachukui humo mpaka uyaruhusu.

La zambarau linasukuma. Chochote kinachoingia humo, roboti wanakiondoa mara moja na kukipeleka kwenye oda au kwenye la njano. Usiliweke dukani kamwe. Fikiria: kikomo kinafanya kazi kwa sababu sanduku linajaa. La zambarau halijai. Mashine itaunda, roboti watabeba, masanduku ya njano yatafurika, na umerudi kwenye mashine 1,600. Nalitumia mahali pamoja tu, stesheni ya kushusha mabaki, pale ninapotaka behewa litoke tupu hata iweje.

Sasa jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Oda inapotoka, roboti hawachukui popote. Wanaanza na zambarau, halafu njano, na nyekundu ni ya mwisho. Maana yake mabaki uliyobomoa jana yanatumika kabla ya kuundwa mapya, na hilo ni jema. Lakini pia maana yake ni kwamba sanduku jekundu la dukani linabaki limejaa fungu zake hata kama mikanda 3,000 imelala kwenye la njano. Duka halijui mali iliyoko kwingine.

Tiba yake ni nzuri sana. Fungua mkono wa kutoa wa kila rafu na uuunganishe na mtandao wa roboti, bila waya wowote. Andika sharti: mkanda wa njano chini ya 400. Sasa mkono unahesabu mikanda yote ya mtandao, ya nyekundu na ya njano kwa pamoja. Ukibomoa sehemu kubwa, duka linasimama lenyewe mpaka mabaki yaishe. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hili ndilo daftari. Bonyeza L uone orodha ya kila kitu kilichomo mtandaoni.

Mfuko wako nao upange. Kwenye sehemu ya oda binafsi, kila bidhaa ina kiwango cha chini na cha juu. Mimi huandika mikanda 200 hadi 400. Ikipungua roboti wananiletea, ikizidi wanaichukua. Kwa mbao andika juu iwe sifuri, na hutabeba gogo tena maishani.

Hatua ya 6: Stesheni za treni, mahali pekee pa kulimbikiza

Treni inachukua vingi kwa mpigo na kuondoka, wakati mgodi unatoa kidogo kidogo bila kupumzika. Sanduku kati yao lina kazi ya kweli. Swali ni kiasi.

Behewa la mizigo lina nafasi 40. Mawe ya chuma fungu lake ni 50, kwa hiyo behewa ni mawe 2,000. Behewa lina urefu wa vigae sita, yaani masanduku sita kwa upande mmoja. Ukiyaacha bila kikomo, masanduku sita ya stili yanabeba mawe 14,400, mzigo wa mabehewa saba yaliyosimama bure. Kwa mzigo wa behewa moja kila sanduku linahitaji mawe 334, na nafasi 7 zinabeba 350. Weka kikomo cha 7. Ukitaka akiba ya safari mbili, weka 14. Kwa mabamba, ambayo fungu lake ni 100, hesabu inatoka ileile kwa sababu behewa nalo linabeba maradufu.

Upande wa kushusha, kikomo kinafanya zaidi: masanduku yakijaa treni haimalizi kushusha, inasubiri, na haiendi kuchukua mzigo usiohitajika.

Hatua ya 7: Visivyokaa sandukuni

Mafuta hukaa kwenye matangi, kila tangi ujazo 25,000. Kuongeza matangi ya mafuta mazito kwa sababu mtambo wa kusafisha mafuta umekwama ni kuahirisha tu. Mtambo unatoa aina tatu kwa pamoja, na moja ikijaa zote zinasimama. Geuza mazito kuwa mepesi, na mepesi kuwa gesi, kwa pampu yenye waya inayowaka tangi likizidi, tuseme, 15,000. Tangi moja kwa kila aina linatosha.

Ukiwa na Space Age na ukafika sayari ya Gleba, sahau mengi ya juu. Vitu huko vinaoza. Virutubisho vinadumu dakika tano, na hata bayofluksi, bidhaa ya huko, inadumu saa mbili. Huko sanduku ni jalala, na mkanda lazima utembee daima, na mwisho wake uwe na mahali pa kuchomea mabaki.

Hatua ya 8: Kama fujo tayari ipo

Usibomoe kiwanda. Jenga duka jipya pembeni kwa utaratibu huu, liache lijae, ndipo uanze kuhamisha.

Kwanza hesabu nafasi. Sanduku la stili lililojaa linahitaji nafasi 48 za njano, yaani sanduku zima. Ukibomoa matano kwa pamoja bila njano tano tupu, utawaona roboti wakielea. Weka vichujio kabla ya kubomoa, kwa sababu roboti wakishamwaga mchanganyiko kwenye la njano lisilo na kichujio, kuutenganisha kunahitaji kazi ya pili. Kisha bonyeza Alt+D upate zana ya kubomolea, zungushia sanduku moja tu la zamani, na uwaachie roboti. Wanabeba kidogo kila safari, kwa hiyo sanduku lililojaa gia litachukua muda.

Anza na masanduku yenye aina nyingi na idadi ndogo. Hayo yanakwisha haraka. Yale yenye bidhaa moja iliyojaa pomoni yaache mwisho, na kama ni saketi au gia usiyabomoe kabisa. Weka mkono mmoja uyamimine kwenye mkanda unaokwenda kwenye sayansi. Zile mashine zangu elfu moja na zaidi nilizigeuza za daraja la pili, fungu moja baada ya jingine, kwa mashine iliyounganishwa moja kwa moja na lile sanduku. Lilikuja kuwa tupu wakati nimeshaanza kurusha roketi.